UZI: Mkojo kuvuja ukikohoa, kizazi kushuka, maumivu ya nyonga. Tuongee kuhusu misuli ya sakafu ya nyonga

fizio_wa_mkoa:

Habari zenu wakuu, na kina mama hasa.

Mimi ni fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi tiba, nafanya kazi hospitali ya mkoa. Hili jambo limenikaa rohoni siku nyingi mana naletewa kina mama ambao wamevuja mkojo miaka na miaka, wamemeza dawa za UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) mpaka wamechoka, wameacha kwenda kwenye ngoma na misibani wakiogopa kunuka, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuwaambia kwamba pale chini kuna misuli na hiyo misuli ndo imelegea. Wanaambiwa tu "ndo uzazi huo, zoea". Jamani sio kitu cha kuzoea. Ni kitu kinachotokea sana, hilo kweli, lakini kutokea sana haimaanishi ndo mwili unavotakiwa kuwa.

Tuanze na mwili wenyewe, vumilieni kidogo hapa mana bila kuelewa hii sehemu mengine yote yatakuwa ya kukariri.

Mifupa ya nyonga kwa chini iko wazi, haijaziba. Kinachoziba huo uwazi ni misuli iliyotandazwa kuanzia mfupa wa kinena mbele mpaka kifandugu nyuma, na pembeni imeshikizwa kwenye kuta za nyonga kulia na kushoto, hiyo ndo sakafu ya nyonga. Kwa jina la kitaalamu misuli mikubwa ya pale inaitwa levata ani. Chukulia kitanda cha kamba, kamba zikiwa zimekazwa vizuri ukilala unabebwa, zikilegea unazama katikati. Sasa juu ya hizo kamba ndo kimekaa kibofu, kizazi na puru (mwisho wa utumbo mpana), na uzito wote wa tumbo unaegemea hapo ukisimama, ukiinua ndoo, ukikohoa. Kwa mwanamke kuna matundu matatu yanapita katikati yake, la mkojo, uke na la haja kubwa. Kwa mwanaume ni mawili. Hiyo tofauti ya tundu moja ndo inaeleza kwanini wanawake wanapata shida hizi zaidi, mana lile la katikati ndo pana kuliko yote na ndo mtoto anapitia.

Kazi yake sio kubeba tu. Inafunga, yaani inashika mkojo, upepo na choo mpaka ufike mahali pake. Inafungua pia, na hii watu wanaisahau kabisa, misuli isiyojua kulegea ni ugonjwa sawa na ile isiyojua kukaza, nitarudi huko. Kuna kamsuli kamoja kanaitwa puborektali kanazunguka puru kwa nyuma na kulivuta mbele, kwaiyo njia ya choo inakuwa na kona ya karibu nyuzi 90 muda wote, ukichuchumaa kale kamsuli kanalegea na kona inanyooka. Choo cha kuchuchumaa tulichokulia nacho kinasaidia kweli, wenye cha kukaa wekeni kigoda chini ya miguu magoti yapande juu ya kiuno. Alafu kuna kazi kwenye tendo la ndoa, kwa wote wawili, na kuna kushirikiana na misuli ya tumbo, ya mgongo na ule wa kupumulia kushika kiwiliwili. Ndo mana mtu mwenye maumivu ya mgongo wa chini wakati mwingine tunamchunguza na huku.

Mishipa ya fahamu inayoendesha hii misuli inatoka mwisho mwisho wa uti wa mgongo, kwenye sakramu (mfupa ulio juu ya kifandugu), na mkubwa wao unaitwa pudendali. Unapita pembeni karibu na njia ya mtoto, kwaiyo uchungu ukiwa mrefu nao unavutika. Mwaka 2004 watafiti wa Michigan kule Marekani walitengeneza modeli ya kompyuta ya kichwa cha mtoto kikishuka, wakakuta sehemu ya ndani kabisa ya levata ani inavutika zaidi ya mara tatu ya urefu wake. Mara tatu! Hakuna msuli mwingine mwilini unaofanyiwa hivo alafu mwenye nao anaambiwa baada ya wiki chache arudi shamba akainue jembe.

Kingine kinachoilegeza ni uzito mkubwa wa mwili, kikohozi cha muda mrefu (TB, pumu, sigara), kukenya chooni kila siku kwa sababu choo kigumu, kubeba mizigo mizito miaka yote, na kukoma hedhi mana homoni ya estrojeni inashuka. Na kuna wanaozaliwa na nyama zao laini tu, hawajazaa na bado wanavuja.

Ulizeni, nitajibu nikitoka zamu.

Mama Tunu:

Asante sana kwa uzi. Mimi nina watoto watatu, wa mwisho ana miaka minne. Nikipiga chafya tu naloa, nikicheka naloa, juzi kwenye kuruka foleni ya daladala hivo hivo. Nimepimwa mkojo mara nyingi naambiwa UTI sugu napewa sindano, natulia kidogo narudi pale pale. Sasa nimepunguza kunywa maji kabisa asubuhi nikienda kazini. Je hii ndo hiyo unayosema?

fizio_wa_mkoa:

Mama Tunu pole, na asante kwa kusema waziwazi, wengi wako kwenye hali yako na wananyamaza.

Kuvuja sio kwa aina moja. Ile ya kukohoa, kuchafya, kucheka, kuruka, kuinua kitu, mkojo ukatoka kidogo pale pale, hiyo ni ya mgandamizo. Presha ya tumbo inapanda ghafla na misuli ya chini haiwahi kufunga. Ya pili ni ile ya kubanwa ghafla, umefika mlangoni unatafuta funguo na mkojo tayari, hapo kibofu chenyewe kinajikunja bila ruhusa. Wengine wanazo zote mbili. Ya tatu ni kibofu kujaa kisitoke chote kisha kinamwagika kidogo kidogo, tunaiona kwa wazee wenye tezi dume na kwa wenye kisukari cha muda mrefu. Ya nne ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, hiyo inavuja usiku na mchana bila kuchagua, sio kidogo unapocheka.

Kwa maelezo yako, ile aina ya kwanza ndo inakuhusu. UTI inaunguza ukikojoa, inaleta kukojoa mara kwa mara kidogo kidogo, wakati mwingine maumivu ya chini ya kitovu na homa. Kama mkojo haukuunguzi, hauna homa, na unavuja tu ukichafya, omba mkojo uoteshwe maabara kabla ya sindano nyingine. Kumeza antibayotiki bila wadudu ni kujitengenezea usugu. Na ukiona damu kwenye mkojo usiseme UTI kwa kubahatisha, hasa ndugu zangu wa Unguja na Pemba na wote mliokulia kwenye mabonde ya mpunga, kichocho kipo.

Maji usipunguze tafadhali. Mkojo ukiwa mzito unakiwasha kibofu kinazidi kubana, na choo kinakuwa kigumu unakenya, unazidi kuumiza ile ile misuli. Kunywa kama kawaida ila punguza chai ya rangi kali, kahawa na soda za kola, uone.

Sasa zoezi. Watu wanayaita kegel, kwa jina la Arnold Kegel, daktari wa wanawake wa Marekani aliyeyaandika mwaka 1948. Lala chali magoti umekunja. Kaza kama unazuia ushuzi usitoke mbele ya watu, na wakati huo huo kama unakata mkojo, vuta kuelekea juu ndani. Makalio yasibane, mapaja yasibane, na usizuie pumzi. Ukishindwa kuhesabu kwa sauti huku umekaza basi umezuia pumzi. Shikilia sekunde tatu, legeza kabisa, yaani kabisa, kwa muda ule ule au zaidi. Rudia mara nane mpaka kumi. Fanya mara tatu kwa siku. Ukizoea ongeza mpaka sekunde nane au kumi, alafu maliza na yale ya haraka haraka, kaza achia kaza achia, mana misuli hii ina nyuzi za kuvumilia na nyuzi za kushtuka na chafya inataka zile za kushtuka.

Kitu kingine ambacho kinasaidia mapema kuliko vyote, jifunze kukaza KABLA ya kukohoa. Unahisi chafya inakuja, kaza, chafya, achia. Ukibeba mtoto, kaza kwanza.

Usifanye zoezi ukiwa unakojoa. Kukata mkojo mara moja kujaribu kama umeipata misuli sawa, lakini ukifanya kila siku unakifundisha kibofu kisimalize kazi.

Ipe miezi mitatu. Sio wiki mbili. Mapitio makubwa ya Cochrane (mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba) ya mwaka 2018 yalikuta kwa wanawake wenye kuvuja kwa mgandamizo, waliofanya mazoezi 56 kati ya kila 100 walisema wamepona, wasiofanya walikuwa 6. Hakuna dawa ya duka inayokupa hiyo tofauti.

mkunga_zamu_ya_usiku:

Fizio umeongea vizuri, naomba niongeze kwenye fistula mana nimeziona na zinauma roho.

Inatokea uchungu ukiwa umekwama, siku nzima au mbili, kichwa cha mtoto kimegandamiza kibofu kwenye mfupa wa kinena, nyama ya katikati inakosa damu inakufa. Mama mara nyingi mtoto anampoteza. Alafu baada ya siku kadhaa ile nyama iliyokufa inabanduka, tundu linabaki kati ya kibofu na uke, mkojo unatoka wenyewe. Wakati mwingine ni kati ya puru na uke, choo kinapita huko. Kwaiyo mama anaweza kuondoka wodini mkavu akaanza kuloa akiwa nyumbani, na huko nyumbani wanaanza kusema amerogwa, au ana laana, mume anahamisha kitanda.

Kegel haizibi tundu. Hii inataka upasuaji, na tundu dogo likiwahiwa mapema sana linaweza kufunga kwa kuwekewa mpira wa mkojo wiki kadhaa bila hata kisu. Ndo mana nasema asikae nyumbani akisubiri. Hapa kwetu hospitali ya CCBRT Dar wanatibu fistula bure, na walikuwa wa kwanza kwanza kutumia M-Pesa kutuma nauli kwa kina mama wa mikoani waweze kufika, mana mtu alikuwa anakosa matibabu ya bure kwa kukosa nauli ya basi. Bugando Mwanza pia wanafanya. Upande wa Kongo kuna hospitali ya Panzi pale Bukavu ya daktari Denis Mukwege, yeye anatibu na zile zinazotokana na ukatili wa vita, alipata Nobeli ya amani 2018. Na Ethiopia wana hospitali ya fistula Addis Ababa tangu 1974. Nataja hivi ili mtu ajue ugonjwa huu una wenyewe wanaoujua, sio uchawi.

Kama unamjua mama yeyote kijijini anayevuja muda wote tangu ajifungue, hata kama ni miaka ishirini iliyopita, mwambie. Wanashonwa hata wa muda mrefu hivo.

Kijana wa Makumbusho:

Wakuu hii ni ya wanawake tu? Umesema wanaume wana matundu mawili, ina maana na sisi tuna hiyo misuli? Na je inahusiana na nguvu za kiume mana huko mitaani tunauziwa vumbi la kongo na mizizi kila kona.

fizio_wa_mkoa:

Mnayo mkuu, sawa kabisa na ya wanawake ukiacha lile tundu. Kuna misuli miwili ya juu juu imelala kwenye shina la uume, inasaidia kubana damu ibaki ndani uume ukisimama, na inasukuma shahawa na yale matone ya mwisho ya mkojo. Wale ambao mnamaliza kukojoa mnafunga zipu alafu matone yanalowesha nguo, kaza mara chache ukimaliza, itapungua.

Kwenye nguvu za kiume, kuna utafiti wa Uingereza uliotoka 2005 wa wanaume 55 wenye shida ya kusimamisha, baada ya miezi sita ya mazoezi haya na kubadili mtindo wa maisha asilimia 40 walirudi kawaida kabisa. Sio wote, na mimi sitakudanganya kwamba ni wote. Kusimama kwa uume ni habari ya mishipa ya damu, kwaiyo pima sukari na presha kwanza, wapo wanaume wanaogundulika kisukari kwa njia hiyo. Hayo mavumbi mengine yanachanganywa na dawa za hospitali bila kipimo, mwenye moyo mbovu anaweza kufa.

Na wazee waliofanyiwa upasuaji wa kutoa tezi dume kwa saratani, karibu wote huvuja mwanzoni. Waanze mazoezi kabla ya upasuaji na waendelee mpira wa mkojo ukishatolewa. Zoezi kwao ni kama unavuta uume uingie ndani na kunyanyua pumbu. Nimewaona wazee wazima waliojifungia ndani kwa sababu ya pempasi wakarudi msikitini na kanisani.

Binti Pangani:

Dada samahani kama swali langu sio zuri. Huku kwetu tukitoka arobaini tunaambiwa tutumie shabu ili kurudisha, na wengine wanauza vidonge vya kuweka ndani, wengine mafusho. Tena unafungwa mkaja kwa kanga mpaka unashindwa kupumua. Nimefanya yote na mkojo bado. Ila wale wabibi wana mengi walitufundisha ya maana sitaki kuwavunjia heshima.

fizio_wa_mkoa:

Swali zuri sana na wala usiwavunjie heshima. Mafunzo ya kungwi na somo yana vitu vya maana, kuna wanaofundishwa kubana na kuachia misuli ya ndani kabla hata ya ndoa, na hilo ni zoezi lile lile ninalofundisha mimi kwenye chumba cha hospitali. Arobaini yenyewe, mama kupumzika, kupikiwa, kutobeba, hiyo ningependa kila mzazi aipate.

Shabu ndo nakuomba uache. Shabu inakausha na kusinyaza ngozi ya uke, haigusi misuli iliyo chini yake. Unajisikia pamebana kwa sababu pamekauka, sio kwa sababu pana nguvu. Ngozi kavu inachanika vidonda vidogo vidogo wakati wa tendo, magonjwa yanapata mlango, HIV ikiwemo. Vidonge vya kubana vile vingi ni kazi hiyo hiyo. Mkojo utaendelea kuvuja mana mwenye kosa hujamgusa.

Mkaja, ukifungwa wa wastani unaoshika mgongo sawa, wengi unawapa nafuu. Ukikazwa mpaka pumzi haiingii, presha ya tumbo inakosa pa kwenda inashuka chini kwenye misuli ambayo ndo kwanza imetoka kuvutika mara tatu. Legezeni kidogo.

nimekuja_kuuliza:

Mimi ni mume. Ndoa ina mwaka na kitu. Mke wangu tukitaka kukutana anabana kabisa, anaumia mpaka analia, haiwezekani kuingia. Ndugu zangu wanasema hanipendi, wengine wanasema ana jini mahaba, tumeenda kwa watu wa dua. Rafiki yake akamwambia afanye kegel, amefanya na naona kama imezidi. Mke wangu nampenda, sijui nifanyeje.

fizio_wa_mkoa:

Kaka nashukuru umeandika, na nashukuru zaidi kwa hilo neno la mwisho.

Mwambie aache kegel leo. Nilisema juu kwamba misuli isiyojua kulegea nayo ni ugonjwa, huu ndo wenyewe. Misuli yake imekaza na inajifunga yenyewe ikihisi kitu kinakaribia, haamui yeye, sawa na jicho linavojifunga ukilirushia mchanga. Ukimwambia aikaze zaidi unaongeza maumivu, maumivu yanaongeza hofu, hofu inaongeza kukaza. Hali hii ina jina kitaalamu, vajinismasi, na inatibika. Sio kukosa mapenzi.

Sababu ni nyingi. Wengine waliogopeshwa sana udogoni kuhusu tendo, wengine waliwahi kuumizwa (na hili usimlazimishe kulisema, atasema akiwa tayari), wengine ilianza na fangasi au kidonda kikauma mara ya kwanza mwili ukakumbuka, wengine kovu la kuongezewa njia (kukatwa wakati wa kujifungua) au la kukeketwa. Kwaiyo kwanza aonwe na daktari wa wanawake ahakikishe hakuna ugonjwa mwingine, na awe na haki ya kusema simama wakati wa kupimwa. Asipimwe kwa kulazimishwa. Nimeona wagonjwa waliolazimishwa wakarudi hali mbaya zaidi.

Baada ya hapo kazi inakuwa ya kujifunza kulegea. Analala kwa ubavu au anapiga magoti kifua chini, anavuta pumzi taratibu tumbo na mbavu zijae, na wakati pumzi inaingia anaiacha sakafu ishuke, mana ule msuli wa kupumulia ukishuka na huku chini panashuka. Dakika tano tano. Baadae anaanza kujigusa mwenyewe kwa kidole chenye kilainishi, nje tu, siku nyingine kidogo zaidi, yeye ndo mwenye usukani. Kuna vifaa vya kutanua taratibu vyenye saizi zinazopanda ambavyo fizio au daktari atawaelekeza. Mshauri nasaha anasaidia sana.

Na wewe kazi yako: mkubaliane kabisa kwamba kuingiza hakupo kwa sasa. Kukumbatiana kupo, kupapasana kupo, ila hilo limefungwa mpaka yeye aseme. Mwili ukijua hakuna vita unaanza kulegea. Na ndugu wanaosema jini mahaba wajibu wewe, usimwachie yeye awajibu.

Hii misuli iliyokaza inaleta na mengine, choo kigumu ambacho hata ukikenya hakitoki kwa sababu mlango unajifunga wakati unasukuma, mkojo kuanza kwa shida, maumivu ya kukaa muda mrefu, kwa wanaume maumivu kati ya pumbu na njia ya haja kubwa yanayotibiwa kama ngiri au maambukizi ya tezi mwaka mzima. Ndo mana siku zote nasema mtu achunguzwe kwanza ndo aambiwe akaze au alegeze.

mjukuu_wa_bibi:

Bibi yangu ana miaka 70 na kitu, ana kitu kinatoka ukeni kama yai, akilala kinarudi akisimama kinatoka, anatembea amejifunga kitambaa. Kaficha miaka, mama ndo kagundua akimwogesha. Anasema kizazi kimeshuka na hataki kisu. Kuna njia?

fizio_wa_mkoa:

Mpe shikamoo yangu bibi. Ndio, hicho ni kizazi au ukuta wa uke umeshuka. Sio lazima kiwe kizazi, mara nyingine ni kibofu kinasukuma ukuta wa mbele au puru linasukuma wa nyuma, akipimwa atajua. Kuna hatua nne, kuanzia cha ndani kisichoonekana mpaka kilichotoka chote. Sio saratani kwa chenyewe, lakini kikisuguana na nguo kinachubuka kinatoa damu, na damu yoyote kwa aliyekoma hedhi ni ya kuonwa na daktari, hiyo isisubiri.

Bila kisu ipo njia. Kuna pete ya silikoni inaitwa pesari, inawekwa ukeni inashika kila kitu juu, anatembea, anaswali, anapika. Inapimwa saizi yake, inatolewa na kusafishwa kila baada ya miezi kadhaa. Kabla ya kuiweka wengi tunawapa krimu ya estrojeni ya ukeni ili ngozi ipate unono. Wauguzi hawawatajii sana wagonjwa na sijui kwanini, ni kitu rahisi kinachomrudishia bibi heshima yake siku hiyo hiyo anayowekewa.

Mazoezi yanasaidia hatua ya kwanza na ya pili, kilichotoka chote hakirudishwi na kegel. Upasuaji upo na wazee wengi wanauvumilia vizuri, wakiwekewa ganzi ya mgongoni tu. Ila mkisikia mtu anataka kumwekea wavu wa plastiki kupitia ukeni kwa ajili ya kushuka, ulizeni maswali, Marekani mamlaka yao ya dawa ilisimamisha uuzaji wake mwezi wa nne 2019.

Na nyumbani choo kiwe laini, papai, mboga, maji. Ndoo wabebe wajukuu.

mkunga_zamu_ya_usiku:

Niseme na kwa wenzangu wa leba humu. Tuache kuwakata kina mama wote wanaozaa mara ya kwanza eti ndo utaratibu. Kuongezea njia kuna wakati wake, mtoto anachoka, mlango haupanuki, sawa. Lakini kukata kila mtu WHO mwaka 2018 wamesema hapana. Na tuache kumwambia mama "sukuma sukuma" njia haijafunguka. Kitambaa cha maji ya uvuguvugu kwenye msamba (pale kati ya uke na njia ya haja kubwa) kichwa kikitoka kinasaidia kupunguza kuchanika vibaya. Akichanika tuangalie kwa makini mpaka kwenye msuli wa haja kubwa kwa kidole, mchaniko wa daraja la tatu na la nne ukishonwa juu juu mama atavuja upepo na choo maisha yake yote, na hilo hatakwambia kliniki, ataona aibu mpaka kaburini.

Zuhura K:

Mie nina mimba ya miezi saba ya kwanza. Nimesoma yote nimeogopa kidogo. Nifanye nini sasa hivi? Na kama nikiomba operesheni si nitaepuka yote haya?

fizio_wa_mkoa:

Usiogope Zuhura, wengi wanazaa na wanarudi vizuri.

Operesheni inapunguza hatari ya kuvuja na kushuka lakini haifuti, mana mimba yenyewe miezi tisa imekaa juu ya hiyo misuli. Na operesheni ina hatari zake, hasa mimba zinazofuata. Kwaiyo isiwe sababu pekee.

Sasa hivi anza kukaza na kulegeza kama nilivomwelekeza Mama Tunu, wanaofanya wakati wa mimba hatari yao ya kuvuja baadae inapungua. Kuanzia wiki ya 34 au 35 unaweza kuchua msamba kwa mafuta safi, kidole gumba ndani kidogo, vuta kuelekea chini na pembeni kama dakika tano, mara moja au mbili kwa wiki, kwa wazazi wa kwanza inapunguza kuchanika kwa kushonwa. Muulize mkunga wako kwanza kama hauna tatizo la kondo au maambukizi. Fanya mazoezi ya kulegea na pumzi, siku ya kuzaa utahitaji kulegea kuliko kukaza. Kazalie penye watu wa kukusaidia ukikwama.

Ukishazaa, maumivu yakitulia anza taratibu hata siku zile za kwanza, kukaza kidogo tu, kunasaidia na uvimbe. Usirukie mazoezi ya kukata tumbo unayoyaona mtandaoni wala kukimbia kabla ya miezi mitatu hivi. Ukifika miezi mitatu bado unavuja, au upepo unakutoka, au unahisi kitu kizito kinaning'inia, nenda uonwe. Na kwa yeyote, ukipata ganzi sehemu zile unazokalia, miguu ikalegea na mkojo ukagoma kutoka au ukatoka bila kuhisi, hiyo ni uti wa mgongo, nenda hospitali siku hiyo hiyo hata kama ni usiku.

Mnaouliza inbox wapi pa kwenda: anzeni na hospitali ya rufaa ya mkoa wenu, ulizeni idara ya fiziotherapia au ya viungo, semeni mnataka fizio wa afya ya wanawake. Kama hayupo mwambieni aliyepo aandike rufaa ya kwenda hospitali ya kanda. Nendeni na karatasi mliyoandika kwa siku tatu umekunywa nini saa ngapi, umekojoa mara ngapi, na ulivuja ukifanya nini. Mwenye hiyo karatasi anaondoka na majibu siku ya kwanza.